Hiyo padi yako haijakufa, usiitupe

Kuna sentensi nimechoka kuisikia mtaani: "Padi imeanza drifti, wacha ninunue ingine." Hapana bana. Hebu tulia kwanza.

Hasira yenyewe naijua. Ni dakika ya 89, mko moja-moja, beki wako anaanza kutembea pole pole kuelekea kona kama mtu ameitwa na mamake, na wewe hujagusa kitu. Umefungwa, mwenzako anacheka, padi inarushwa kwa kochi. Lakini ukienda kununua ingine kabla hujajua hii inaumwa na nini, unapoteza doh, na mara nyingi unatoa original yako ndiyo uletewe feki.

Iko hivi. Ndani ya analog kuna vitu viwili vidogo vinaitwa potenshomita, moja ya juu na chini, ingine ya kushoto na kulia. Kila moja iko na njia nyembamba ya kaboni, na kuna kimguu cha chuma kinachoikwaruza kila ukisukuma kidole. Kaboni inaisha kama soli ya kiatu. Vumbi lake linabaki humo ndani, halafu padi inasoma ati umesukuma, kumbe ushaachilia kitambo.

Na si ati njia ingine haikuwepo. Sega waliweka sumaku kwa analog ya Dreamcast mwaka 1998, na sumaku haigusi kitu kwa hivyo hakuna cha kuisha. Zaidi ya miaka 25 baadaye, DualSense inayokuja na PS5 bado inakwaruza kaboni. Januari 2023 Sony wakatoa DualSense Edge, ambayo analog yake unaichomoa na kuweka ingine bila kulehemu chochote. Bei? Dola 199.99. Kwa hivyo wanajua. Mwaka huo huo Nintendo walikubali kutengeneza bure Joy-Con zenye drifti kwa wateja wa Ulaya, hata kama warranti imeisha. Sisi huku tuko na bisibisi.

Kuna jamaa ana kibanda cha game mtaani kwetu. Kwake game moja ni bob 20. Watu wanadhani padi mbovu ni hasara ndogo, lakini padi moja ikilala, TV nzima imelala, kwa sababu hakuna mtoto atalipa ili acheze na kompyuta. Akanunua mpya mbili, boksi safi, stika safi, bei ya kuvutia. Zote feki. Analog nyepesi kama ya toi, na betri haikuwa inamaliza jioni moja. Na wakati huo wote, chini ya meza alikuwa na original tatu kwa karatasi, zinangoja kutupwa.

Tukazifungua Jumapili asubuhi kabla wateja waamke. Ya kwanza ilikuwa na vumbi tu. Ya pili haikuwa hata na drifti, ni vitufe vilikuwa vinashika vikitaka. Hiyo ni shida ya karatasi nyembamba ya plastiki inayobeba umeme wa vitufe: inabanwa kwa bodi na kasponji, na kasponji kakilala, karatasi haigusi vizuri. Tukaongeza kipande kidogo cha sponji juu yake, basi. Ya tatu ndiyo kaboni ilikuwa imeisha kabisa. Padi tatu, magonjwa matatu, na yeye alikuwa ameyapa yote jina moja.

Najua kuna msee atasema mafundi wamejaa Luthuli Avenue, kwani nijisumbue ya nini? Sawa, na ile ya tatu kweli ilienda kwa fundi. Analog imeshikwa na pini 14 za risasi, na kama hujawahi shika chuma cha kulehemu, usijifunzie kwa padi ya mtu. Lakini enda ukijua unataka nini. Ukiingia na kusema tu "imeharibika", umempa fundi ruhusa ya kukuchagulia ugonjwa. Ukisema "analog ya kushoto, niwekee mpya", mazungumzo yanabadilika, hata bei inabadilika.

Kama ni DualShock 4, ile ya PS4, iko na skrubu nne nyuma. Zitoe, tenganisha kuanzia kwa mikono, pole pole, kwa sababu kuna utepe mfupi wa waya unaunganisha pande mbili. Chomoa huo utepe, halafu chomoa betri kabla hujagusa kitu kingine. Ukiwa unanunua bodi ya chaji, hesabu pini kwanza, kuna za 12 na kuna za 14, na hazibadilishani. Toa skrubu moja iliyoshika bodi kubwa, utaona analog zote mbili. Kijiti cha pamba na alkoholi ya isopropili ya 99%, ngoja ikauke kabisa, rudisha. Ile spreyi ya kupuliza kutoka nje bila kufungua mimi siipendi: inasukuma vumbi ndani zaidi, na baada ya wiki beki wako ameanza safari tena.

Ukiwekewa analog mpya na katikati bado haijatulia, usikimbilie kulaumu fundi. Unganisha padi na kompyuta kwa USB, kuna tovuti za bure za kuweka katikati upya ukitumia brauza tu.

Fungulia juu ya taulo lakini, si juu ya kapeti. Springi za L2 na R2 huruka, na ukizipoteza usinitafute.