Mlangamia Umevunwa Juu ya Mti Gani?



Mama mmoja auliza iwapo yafaa kumchemshia mlangamia binti yake mjamzito, kama alivyoshauriwa na jirani.

Mlangamia twaujua sote tupitao vichaka vya ufuoni: nyuzi za kimanjano zisizo na majani, zimetanda juu ya miti mfano wa wavu ulioanikwa. Mbegu yake huota ardhini, lakini ukishapata mti wa kuukumbatia, mzizi wake hufa, ukabaki kumfyonza mwenyeji. Ajabu ni kwamba ukoo wake ni mmoja na mdalasini!

Waganga wa Afrika na Asia huutumia kwa mengi, hata kuoshea nywele. Wanakemia wametoa ndani yake alkaloidi, jamii ya kemikali ambamo mna pia kwinini na mofini. Mojawapo, okoteini, imeonekana maabarani kulegeza mshipa mkubwa wa damu wa panya. Nyingine zimeua seli za saratani ndani ya vyombo. Basi mmea una nguvu, lakini nguvu si tiba. Kinachoua seli hizo hakina ahadi ya kuisaza mimba.

Kuna jambo kubwa zaidi. Matabibu wetu wa kale waliandika juu ya nyuzi zinazofanana na hizi, kashuthi na aftimuni. Aftimuni ni jina la Kiyunani lililoarabishwa, maana yake "juu ya zaatari". Yaani mmea ulitambulishwa kwa mwenyeji wake, nao walikuwa na haki. Kashuthi ilipooteshwa juu ya dijitali, mmea wa Ulaya utoao dawa ya moyo, ilikutwa imefyonza kemikali zile zile za moyo, ambazo zikizidi kipimo ni sumu. Na oleanda tuzipandazo uani kwa uzuri wa maua zina sumu ya jamii hiyo. Sioni sababu ya kuudhania mlangamia usalama zaidi. Fungu liuzwalo sokoni, nani ajuaye lilivunwa juu ya mti gani?

Kwa hiyo, mama, jawabu ni hapana, asinywe. Naye jirani, pamoja na nia yake njema, akumbuke mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kuwa ajitiaye utabibu bila kujulikana kwa elimu hiyo hubeba dhamana ya madhara.

Ikiwa binti amekwisha kunywa, apelekwe hospitali leo hii, hata kama hajisikii vibaya. Mchukue na kipande cha uzi wenyewe, pamoja na jani la mti ulioubeba, kama wajulikana.