Moto wa Maabara na Moto wa Nyumbani

Januari ifikapo, Barabara ya Jogoo hujaa vijana wa sare mpya tangu alfajiri. Makoti yao aghalabu huwa mapana kuliko mabega, maana mzazi mwenye busara hununua nguo ya kuvaliwa miaka mingi. Wengine huelekea Ofafa Jericho, wengine Aquinas, na wengine hupanda gari kwenda Eastleigh. Mikobani mwao mna vitabu vya somo ambalo wengi huliogopa kabla hawajalijua, nalo ni kemia.

Wanafunzi wa mwisho wa mfumo wa 8-4-4 waliingia Kidato cha Kwanza mwaka 2024. Tangu Januari 2026, waanzao sekondari ya juu huingia Gredi ya 10, na kemia husomwa hasa na wale waliochagua njia ya sayansi. Mfumo umebadilika, lakini siku ya kwanza ya maabara ni ile ile.

Siku hiyo mwalimu mwema haanzi na fomula. Huanza na amri: mtu asile wala asionje kitu maabarani, nywele ndefu zifungwe, macho yakingwe kwa miwani, na asidi kali itiwe majini kidogo kidogo, kamwe maji yasitiwe katika asidi. Amri hizi zina sababu. Asidi na maji vikutanapo hutoa joto jingi. Maji yakiwa mengi hulimeza joto hilo. Yakiwa machache huchemka ghafla na kumrukia mtu usoni pamoja na asidi.

Kisha huja somo la moto. Mezani huwekwa kichomeo cha gesi chenye jina la Robert Bunsen, mtaalamu wa Ujerumani, kilichotengenezwa Heidelberg mwaka 1855. Chini ya mrija wake mna tundu la hewa. Likizibwa, mwali huwa wa manjano, huyumba, na huacha masizi chini ya chombo. Likifunguliwa, mwali huwa wa buluu, mkali, usio na masizi. Gesi ni ile ile. Kilichobadilika ni hewa.

Mwanafunzi akiyaandika hayo katika daftari na kuyaacha humo, amepata alama. Akiyachukua hadi nyumbani, amepata elimu.

Katika mitaa ya Eastlands familia nyingi hulala chumba kimoja. Baridi ya Juni na Julai ikizidi, jiko la makaa huingizwa ndani na dirisha hufungwa. Hapo jiko huwa kama kichomeo kilichozibwa tundu: makaa hukosa hewa ya kutosha, yakatoa kwa wingi gesi iitwayo kaboni monoksidi. Jiko likiwa nje, upepo huipeleka mbali, chumbani hujaa. Haina rangi wala harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na aliyelala aweza kufa pasipo kuamka. Wako wadhanio kwamba makaa yakiisha kutoa moshi hayana madhara tena. Sivyo. Moshi humwonya mtu kwa kumtoa machozi. Gesi hii haimwonyi.

Basi jiko na litolewe nje kabla ya kulala, hata kama makaa yameanza kufunikwa na majivu. Mtu akiumwa kichwa, akiona kizunguzungu au kichefuchefu karibu na jiko, atolewe penye hewa safi mara moja na apelekwe hospitali.

Kwa walimu liko neno pia. Katika mtihani wa KCSE, karatasi ya vitendo ya kemia hubeba alama 40 kati ya 200. Lakini faida ya vitendo haiishii katika alama hizo. Moto uliochorwa ubaoni hausadikiwi kama moto uliowashwa mbele ya macho, hata kichomeo kikiwa kimoja kwa darasa zima.

Na mzazi, hata kama hakupata kuingia maabara, amwulize mwanawe jioni ya wiki ya kwanza: “Mwali wa buluu na wa manjano watofautianaje?” Mtoto akijibu sawasawa, nyumba nzima imesoma. Mwanzo wa ngoma ni lele. Na somo dogo la Januari laweza kumwamsha mtu asubuhi ya Julai.