Alama Zilizofungiwa Kabatini

KUTOKA STOCKHOLM
Na Zuhura Mbaruku

Wiki iliyopita mtafiti mmoja chipukizi wa nyumbani, binti ninayemfahamu tangu yuko shule ya msingi, alinitumia picha ya barua. Alikuwa ameomba ruzuku ya utafiti kwenye mfuko mmoja wa umma. Andiko lake lilimla miezi minne. Jibu lilikuwa sentensi mbili: ushindani ulikuwa mkubwa, na ombi lake halikupita mchujo. Chini ya picha akaandika: "Shangazi, nimekosea wapi?"

Sikuwa na la kumjibu. Hajui alipewa alama ngapi, kwa vigezo gani, wala nani walikaa mezani. Kinachonichoma ni kwamba katika mji huu ninaoishi swali hilohilo liliulizwa zaidi ya robo karne iliyopita, na likapata jibu. Namna lilivyopatikana ni somo ambalo vyombo vyetu vya Afrika Mashariki havina budi kulisoma.

Mwaka 1995 Baraza la Utafiti wa Tiba la Sweden, lililokuwa hapa Stockholm, lilishindanisha nafasi za ufadhili kwa watafiti waliomaliza shahada ya uzamivu. Waombaji walikuwa 114, wanaume 62 na wanawake 52. Waliopata walikuwa 20, wanaume 16 na wanawake 4. Nchi yenyewe ndiyo hii iliyokuwa ikisifiwa na Umoja wa Mataifa kwa usawa wa jinsia, kwa hiyo ilikuwa rahisi kusema kwamba wanawake wale walikuwa bado hawajaiva. Wanasayansi wawili wa Chuo Kikuu cha Göteborg, Christine Wennerås na Agnes Wold, hawakukubali kumeza maelezo hayo. Wakaomba waonyeshwe karatasi za alama.

Baraza lilikataa kwanza, likisema ni siri. Lakini Sweden ina sheria ya tangu mwaka 1766 inayompa mtu haki ya kuona nyaraka za serikali, na kwa kawaida ofisa haruhusiwi hata kukuuliza wewe ni nani wala unazitakia nini. Shauri likafika mahakama ya rufaa ya masuala ya utawala, nayo mwaka 1995 ikaamua kwamba alama za wahakiki ni nyaraka za umma. Kabati likafunguliwa.

Tuone kilichokuwamo. Kila mhakiki alimpa mwombaji alama kuanzia 0 hadi 4 kwa vigezo vitatu: uwezo wa kisayansi wa mwombaji, ubora wa mbinu zake, na umuhimu wa utafiti wenyewe. Kisha alama tatu hizo zilizidishwa. Zilizidishwa, hazikujumlishwa, na hapo pana jambo. Aliyepata 3 katika kila kigezo alikuwa na 27. Mwenzake akipunguziwa alama moja tu katika kigezo kimoja, alibaki na 18. Theluthi nzima imekwenda kwa mpigo mmoja wa kalamu.

Wanawake walipewa wastani mdogo katika vigezo vyote vitatu, na pengo lilikuwa kubwa zaidi kwenye uwezo wa kisayansi: 2.21 kwa wanawake, 2.46 kwa wanaume. Sasa, hicho ndicho kigezo ambacho mtu wa nje anaweza kukihakiki, maana machapisho yanahesabika. Wennerås na Wold wakakaa wakayahesabu, wakayapa uzito kulingana na majarida yaliyoyachapa. Kundi la wanawake wenye machapisho mazito kuliko wenzao, pointi 100 na zaidi, ndilo pekee lililohesabiwa kuwa na uwezo sawa na wanaume. Na wanaume wenyewe ni wale wa kundi la chini kabisa, wenye pointi zisizofika 20. Kwa ujumla mwanamke alihitaji kuzalisha takriban mara mbili na nusu ya mwanamume ili aonekane wa kiwango chake.

Jambo la pili lililotoka kabatini linatuhusu zaidi, nalo ni kujuana. Kanuni ilikuwa kwamba mjumbe mwenye uhusiano na mwombaji asimpe alama, na alama zake kweli hazikuhesabiwa. Hata hivyo waombaji wenye mtu wao kamatini walipandishwa na wajumbe waliobaki, na nyongeza waliyopata ililingana na ile ya kuwa mwanamume. Mjumbe alijitoa, lakini heshima yake ilibaki pale mezani ikifanya kazi. Mwanamke asiye na mtu alibeba mizigo miwili kwa pamoja, na ilikuwa vigumu kuishusha kwa machapisho pekee.

Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature mwezi Mei 1997, na Sweden nzima ikashtuka. Siamini kwamba wajumbe wale walikaa kikao cha hila. Naamini wengi walitoka mle wakiwa na dhamiri safi, na hilo ndilo la kutisha. Nyani haoni kundule. Kamati haiwezi kujiona, hata ikijaa watu wema. Inahitaji macho ya nje, na macho ya nje yanahitaji karatasi.

Mwaka 2001 baraza lile liliunganishwa na mengine, likazaliwa Vetenskapsrådet, Baraza la Utafiti la Sweden. Wahakiki wake sasa hutumia kipimo cha 1 hadi 7, mwombaji hupewa alama zake pamoja na maelezo ya maandishi, na baraza limewahi kuwaketisha waangalizi vikaoni wasikilize jinsi maombi ya wanaume na ya wanawake yanavyozungumzwa, kisha likazitangaza ripoti zao. Ulf Sandström na Martin Hällsten walipozichambua alama za maombi ya tiba ya mwaka 2004, katika utafiti uliotoka mwaka 2008, walikuta wanawake hawaadhibiwi tena. Ila wenye mtu wao kamatini walikuwa bado wakipata alama za juu. Ugonjwa mmoja ulipona, wa pili ukagoma, na tumejua hivyo kwa sababu moja tu: karatasi ziliendelea kuwa wazi.

Turudi nyumbani. Tanzania ina Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, pamoja na mfuko wake wa kuendeleza sayansi na teknolojia, MTUSATE. Kenya ina Mfuko wa Taifa wa Utafiti chini ya sheria ya mwaka 2013. Fedha zinazogawiwa ni za mkulima, mvuvi na mama ntilie. Na fani zetu ni ndogo. Wataalamu wa ugonjwa mmoja au wa zao moja nchini wanaweza kuenea kwenye meza moja, na kati yao yumo aliyemsimamia mwombaji shahada yake. Ikiwa Sweden, yenye vyuo vingi na kanuni ya kujitoa, ilishindwa kuzuia kujuana kwa kumwambia mjumbe atoke, sisi tutazuiaje kwa kanuni hiyohiyo peke yake?

Nitaambiwa kwamba alama zikitolewa wahakiki wataogopa kusema kweli. Natumia mfano huu huu kujibu: Wasweden wamekaa na uwazi huo miaka yote hii na utafiti wao haujafa. Nitaambiwa pia kwamba andiko lina wazo linaloweza kuibwa. Sawa, wazo lifichwe. Lakini tarakimu 3 aliyopewa mtu kwenye kigezo cha mbinu si uvumbuzi wa yeyote.

Ninachodai ni mambo matatu. Kila mwombaji, aliyepata na aliyekosa, apewe alama zake kigezo kwa kigezo pamoja na sababu. Uamuzi ukishatoka, majina ya wajumbe yatangazwe, na yatajwe maombi ambayo kila mmoja alijitoa katika kuyahakiki. Na baada ya kila miaka michache jedwali la alama zote, majina ya waombaji yakiwa yamefutwa, likabidhiwe kwa watafiti wa nje walichambue kama walivyofanya Wennerås na Wold.

Sheria hatujaikosa. Tanzania ilipitisha Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa mwaka 2016, inayompa mwenye taarifa siku 30 kujibu. Kenya ilipitisha yake mwaka huohuo, na muda wake ni siku 21. Kinachokosekana ni watu wa kuiita ifanye kazi. Kule Sweden sheria ilikuwa imelala kwenye vitabu kwa zaidi ya karne mbili kabla ya wanawake wawili kuipeleka kwenye meza ya wahakiki.

Kwa hiyo mwanangu, jibu langu ni hili. Sijui kama ulikosea. Inawezekana andiko lako lilikuwa dhaifu, na ukilijua hilo utalirekebisha. Inawezekana halikuwa dhaifu. Kaa leo uandike barua, utaje sheria na mwaka wake, uombe alama zako na maelezo ya wahakiki. Ipeleke mwenyewe, igongwe muhuri wa kupokelewa, kisha anza kuhesabu siku.