Kibao cha Jikoni, Kibao cha Muziki

Mwezi huu naomba niwapeleke nyumbani kwangu, kwenye jambo ambalo kidogo litutie aibu mbele ya wakwe.

Jumamosi moja natoka saluni, nataka kukata nyama, kibao changu sikioni! Kile cheupe cha plastiki nene, kirefu kama cha buchani, ninachokitumia tukiwa na shughuli. Natoka barazani, namkuta mzee wa nyumba amekipasua kwa msumeno na anakitoboa matundu. Namuuliza vipi tena baba? Ananijibu kwa upole, "Natengeneza gitaa, mama."

Jamani! Mume wangu alikuwa ana miezi sita tangu apunguzwe kazini. Kodi ya nyumba, ada, yote naangaliwa mimi. Nikamwambia neno ambalo sitalirudia hapa. Siku tatu tukawa tunasalimiana tu.

Siku ya nne nilijishusha, nikaenda kukaa naye barazani. Hapo ndipo nilipojua kwamba gitaa lenyewe halishikwi kifuani, linalazwa mapajani. Nyuzi zimeinuliwa juu, hazikandamizwi kwa vidole. Mkono mmoja unadonoa, mwingine unatelezesha chuma juu ya nyuzi, sauti inalia kama mtu anayebembeleza. Asili yake ni Hawaii, mwishoni mwa karne ya 19, na anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi ni Joseph Kekuku. Na plastiki si kichekesho: mwaka 1935 Rickenbacker wa Marekani walianza kutengeneza ya umeme kwa Bakelite, plastiki ya zamani ile ngumu.

Ya kwetu ilikuwa na vituko vyake. Gundi haishiki kwenye plastiki ya kibao, kwa hiyo kila kitu kilifungwa kwa bolti na nati. Toka daraja hadi kichwani aliacha sentimita 57, akachora alama kwa kalamu ya wino mzito; ya oktava ikaangukia katikati kabisa, sentimita 28 na nusu. Kifaa cha kunasa sauti, sumaku iliyozungushiwa waya, alikitoa kwenye gitaa bovu la rafiki yake. Mafundi wanakiita pikapu, lakini si ile ya kubebea mizigo! Chuma cha kutelezesha ni soketi ya spana.

Jioni ile akakaza nyuzi sita, zikaimba vizuri. Asubuhi zote zimeshuka. Akakaza tena, zikashuka tena. Akanionyesha: kibao kimepinda. Nyuzi sita zikivuta kwa pamoja, uzito unaweza kupita kilo 40.

"Unajua mama," akasema huku hanitazami, "mbao ikizidiwa unaisikia inalia. Plastiki hailii. Inapinda kidogo kidogo, na mtu akiitazama anaona iko sawa."

Mwenzangu, nilinyamaza. Miezi sita yote nilikuwa nauliza barua za maombi ziko ngapi. Yeye mwenyewe yukoje, sikuwahi kuuliza hata siku moja.

Dawa ya kibao ilikuwa rahisi: bomba la aluminiamu la pembe nne, likafungwa kwa bolti chini yake urefu mzima. Plastiki ikabaki kubeba sura, chuma kikabeba mzigo. Tangu hapo nyuzi zinakaa. Yetu sisi wawili haikuwa rahisi hivyo. Tulikubaliana Jumapili usiku tukae mezani na bili zote, bila kufokeana, na Jumamosi alasiri ni ya gitaa, hakuna kumtuma dukani. Kazi bado hajapata, anaendelea na usaili. Lakini anaongea, na usiku analala.

Nawauliza nyinyi wenye wachumba na ndoa changa: mwenzako anapojifungia na kitu ambacho wewe unakiona upuuzi, umewahi kukaa pembeni yake dakika kumi ukamwuliza kinafanyaje kazi? Jaribu mwezi huu. Huenda ukaambiwa jambo ambalo usingelisikia kitandani wala mezani.

Mimi nimenunua kibao kingine, cha mbao. Nimekificha!

Tukutane mwezi ujao.
Mhariri wenu