Mgonjwa wa saratani ya matiti aelezwe kabla ya kutia saini

Kila mwanamke anayegundulika kuwa na saratani ya matiti ana haki ya kuelezwa njia zote za tiba, kwa Kiswahili, akiwa na ndugu aliyemchagua, kabla ya kutia saini fomu ya upasuaji.

Wengi huamini kuwa tiba ni kukatwa titi, basi. Sivyo. Uvimbe ukiwahiwa ungali mdogo, mara nyingi kuuondoa wenyewe tu, kisha mionzi, humpa mgonjwa nafasi ya kuishi sawa na kuondolewa titi zima. Ila nchini Tanzania mionzi haipatikani kila mkoa. Nauli na malazi ya wiki kadhaa Dar es Salaam ni sehemu ya uamuzi, na familia inapaswa kuyajua mapema.

Kipo pia kipimo cha vipokezi vya homoni katika kinyama kilichokatwa. Majibu yake ndiyo huonyesha kama vidonge vya tamoksifeni, ambavyo kwa kawaida humezwa kila siku kwa miaka 5 au zaidi, vitamfaa. Asiyeelezwa haya ni rahisi kukimbilia kwa mganga, akarudi hospitali ugonjwa umeshasambaa.

Wenye dhamana ya afya watenge muda wa ushauri nasaha katika kila kliniki ya saratani, na mgonjwa apewe maelezo ya maandishi ya kwenda nayo nyumbani. Fedha za kazi hiyo ziingizwe katika bajeti ijayo.