Chupa Yenye Stika Ndiyo Yenye Kesi

Niliuza whiski kutoka ng'ambo pale Ruiru kwa mwaka mmoja na nusu, na sijaja hapa kuungama. Niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu karo iliisha kabla ya hamu ya kusoma. Nikarudi kwetu Thika, Makongeni. Baada ya mwezi mmoja tata yangu akanipigia simu: nikichoka kulala hadi saa nne, nipande matatu nije nimsaidie dukani.

Duka lilikuwa "wines" ya kawaida, chini ya ploti ya wapangaji, lenye dirisha la vyuma na nafasi ya watu wawili wasionuniana. Rafu ya juu ilikuwa na Jameson, Jack Daniel's na Johnnie Walker. Ya chini ilikuwa na robo za jini ya hapa hapa Kenya. Za juu zilikuwa heshima ya duka, za chini zililipa kodi ya nyumba.

Nataka kusema hivi: nchi yetu ina sheria nyingi za pombe, na karibu zote hufanya kazi kwa kumkamata anayeonekana. Chupa moja ya ng'ambo ilipofika kwa Tata ilikuwa imelipiwa ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT ya asilimia 16. Ina stika ya KRA, ina alama ya KEBS, ina onyo la afya. Sheria ya mwaka wa 2010, ile tuliyoibatiza Mututho, inasema isiuzwe katika chombo kisichofika mililita 250, wala kwa mtu aliye chini ya miaka 18. Baa nazo zikapewa saa zake: kumi na moja jioni hadi tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana wikendi. Juu ya hayo, leseni ya kaunti. Sipingi hata moja. Napinga kwamba hatua ishirini nyuma ya duka letu, kwenye mlango wa buluu, mtu alikuwa anauza kutoka kwa mtungi wa lita 20 usio na karatasi yoyote, na wale wageni wawili wa faili na makoti (wa ofisi gani, tuache tu) hawakuwahi kukosea njia wakaingia kule. Kule wangekagua nini?

Fanya hesabu. Tangu mwisho wa 2024, ushuru wa bidhaa kwa pombe kali ni shilingi 10 kwa kila sentilita ya alkoholi tupu. Mzinga wa mililita 750 wenye asilimia 40 una sentilita 30, kwa hivyo shilingi 300 zimeenda kabla ya VAT. Robo yenye nguvu hiyo hiyo, shilingi 100. Kwa anayenunua whiski ya miaka 12, mia tatu ni bei ya Uber. Kwa fundi wa mjengo, mia moja ndiyo inayomwamulia ale au anywe, na kikombe cha mtungini hakina hata senti ya ushuru. Halafu tunashangaa amepitia mlango wa buluu.

Kuna pia biashara ya chupa tupu, ambayo kila mtu wa kazi hii anaijua. Mzinga wa ng'ambo ukimalizwa klabuni na kifuniko kikabaki kizima, una mnunuzi. Unaoshwa, unajazwa spiriti ya bei ya chini, unapigwa stika bandia. Tata alinifundisha kuikagua kila stika kwa ile programu ya Soma Label, mteja akiwa anaona. Wengi walinicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu kijana tuliyesoma naye Makongeni alikunywa kitu usiku wa Ijumaa na Jumapili akaamka haoni. Sasa anaenda dukani akishika bega la dada yake mdogo.

Februari 2024 watu zaidi ya kumi walikufa Kangai, Kirinyaga. Serikali yenyewe ilisema pombe ile ilikuwa ushahidi ulioibwa kutoka kituo cha polisi. Rudia polepole: kituo cha polisi. Tarehe 6 Machi, Kindiki, akiwa Waziri wa Usalama wa Ndani, akasoma maagizo 25, na baa zilizo kwenye makazi ya watu zikaingia lawamani. Hebu nionyeshe Ruiru pasipo na makazi ya watu. Julai 2025 ikaja sera ya kitaifa iliyopendekeza umri wa kunywa upande hadi 21 na pombe isiuzwe mtandaoni wala kupelekwa nyumbani. Mtungi haujawahi kuhitaji intaneti.

Najua nitaambiwa natetea walevi. Akina mama wa Kiambu wanaobomoa mapango ya pombe wakilia nawaelewa kuliko mnavyodhani. Tata alizika mume kwa sababu ya pombe, kisha akafungua wines ili asomeshe watoto watatu. Ukiona unafiki hapo, yeye aliuona kabla yako. Alikuwa na sheria zake ambazo hakuna afisa aliyemwandikia: mkono ukitetemeka hauuziwi, na anayetuma mtoto anarudishiwa mtoto na pesa zake.

Mnaotaka kuokoa watu, vunjeni chupa tupu klabuni kabla hazijatoka mlangoni. Shikeni anayechapisha stika. Teremsheni ushuru wa robo, na mkitaka, muupandishe wa mzinga wa wakubwa. Na mwageni ushahidi mapema, badala ya kuuweka ghalani mpaka upate wanywaji.

Duka lilifungwa Aprili mwaka ule wa maagizo. Jumamosi iliyopita nilipita pale nikitoka Thika, na dirisha la Tata sasa linauza chipsi. Nyuma ya ploti mlango wa buluu umepakwa rangi upya. Mwenye mtungi alinisalimia kwa jina langu, akauliza Tata anaendeleaje.