Mchezo na Adhabu katika Somo la Kiingereza

Wako watu waaminio kwamba darasa lililo kimya ndilo darasa lisomalo. Mwalimu akiandika ubaoni na watoto wakinakili, hao husema kazi inafanyika; watoto wakisimama wawili wawili, wakaulizana na kujibizana kwa Kiingereza kibovu, wakacheka, hao husema wakati unapotea. Imani hiyo ni kongwe, na ukongwe wake umeipa heshima isiyostahili. Lugha si somo la macho peke yake. Mtu hajui kuogelea kwa kunakili habari za maji, wala hajui kusema kwa kunakili kanuni za usemi.

Hoja hii yafaa ipimwe mahali palipo na watu, maana hoja isiyo na makao ni rahisi kushinda. Basi na ipimwe Isansa, wilaya ya Mbozi, mkoa wa Songwe, katika nchi ya kahawa na mahindi. Mtoto wa huko husikia Kinyiha jikoni kwa mama yake, na Kiswahili sokoni, redioni na shuleni. Kiingereza hukutana nacho katika daftari. Ni kweli kwamba Tunduma ni mji wa mkoa ule ule, na ng'ambo ya mpaka, Nakonde, Kiingereza ni lugha ya serikali ya Zambia. Lakini ujirani wa mpaka haumfundishi mtu sarufi. Mtoto huyo akiisha kumaliza shule ya msingi ya serikali, ambamo amefundishwa hesabu na sayansi kwa Kiswahili, huingia kidato cha kwanza akakuta masomo yale yale yamevaa Kiingereza. Hapo ndipo kimya chake huanza. Wasiojua hukiita kimya hicho adabu. Kwa kweli ni uhaba wa maneno.

Watetezi wa ubao na chaki na wafanye hesabu ndogo. Kipindi kina dakika 40. Darasa likiwa na watoto 60, na kila mmoja akisimama kwa zamu kumjibu mwalimu, hata kama mwalimu mwenyewe hatatamka neno, kila mtoto atapata sekunde 40 za kusema. Watoto hao hao wakigawanywa wawili wawili kwa dakika 10 tu, kila mmoja atapata dakika 5. Kelele itakuwapo, lakini kelele hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Tena mchezo mwema hauchaguliwi ovyo; huchaguliwa kwa kosa unalotaka kuliondoa. Kiswahili husema "yeye" kwa mume na kwa mke. Kwa hiyo mtoto humtaja mama yake kwa neno "he", wala si kwa ujinga, bali kwa sababu lugha yake haikumdai tofauti hiyo. Kadhalika, Kiswahili huuliza kwa kupandisha sauti au kwa kutanguliza "je", hali Kiingereza hudai "do" na "does", kisha hulivua tendo herufi yake ya mwisho. Kanuni hizo zaweza kuandikwa ubaoni kwa mistari miwili, na mtoto akazinakili kwa mwandiko mzuri, na kesho akakosea vile vile. Lakini mtoto mmoja na amfiche moyoni mwenzake wa darasani, na wengine wambashiri kwa kuuliza: Je, ni msichana? Je, hukaa karibu na dirisha? Je, huja shuleni kwa baiskeli? Kabla jina halijapatikana, umbo la swali limekwisha pita vinywani mwao mara 20, na kila mara limetamkwa na mtu atakaye kujua jibu. Mtoto atakaye kujua hujifunza upesi kuliko mtoto atakiwaye kujua.

Wala haipasi kuagiza michezo hiyo kutoka London pamoja na kadi zake za rangi. Waafrika wa Mashariki walikuwa na mchezo wa kusema kabla ya shule kujengwa. Kitendawili kina mtegaji, kina wateguaji, na kina kodi ya mji kwa ashindwaye. Kile cha yai, kisemacho habari za nyumba isiyo na mlango, kikitegwa kwa Kiingereza humfundisha mtoto "has" pasipo kumtisha. Wasichana wachezapo rede uani, mmoja hukwepa mpira huku akijaza mchanga chupani. Mchezo ukiisha, na wasimulie darasani yaliyotokea: nani alitupa, nani alikimbia, nani alianguka. Kiswahili humaliza kazi hiyo kwa "-li-" moja. Kiingereza hubadili tendo hata tumboni mwake, likawa "threw", likawa "ran", likawa "fell". Mtoto aliyeanguka kweli hatasahau upesi neno la kuanguka.

Hata hivyo mchezo nao una maadui wawili waliovaa mavazi ya rafiki. Wa kwanza ni maonyesho. Darasa zima likiimba pamoja wimbo wa Kiingereza mbele ya mgeni, mgeni hupiga makofi, na mtoto aliye nyuma hufumbua kinywa asiseme kitu. Huo si usemi. Mchezo usiomlazimu mtoto kuchagua neno lake mwenyewe haumfundishi neno, na mchezo usiofuatwa na kuandika huyeyuka kama umande.

Adui wa pili ni adhabu. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya kuikomboa akili, alisimulia jinsi watoto wa Kenya ya wakoloni walivyopokezana kifungo: aliyesikiwa akisema lugha ya mama alikabidhiwa, na jioni kila aliyekishika alimtaja aliyempa, wote wakaadhibiwa. Huo nao ulikuwa mchezo, wenye kanuni na zamu. Lakini ulifundisha upelelezi, si Kiingereza. Desturi za jamii hiyo hazijafa katika shule za Afrika Mashariki. Mwalimu achezaye vitendawili saa tatu na kumwadhibu mtoto saa nne kwa kusema Kiswahili amebomoa kwa mkono wa kushoto alichojenga kwa wa kulia. Kinywa kilichotiwa aibu hakichezi.

Imebaki hoja iliyo nzito kuliko zote. Wako wasemao: mbinu zikiwa bora, watoto watakijua Kiingereza, na ugomvi wa lugha ya kufundishia utakwisha. Historia haikubali. Kenya ilianza mwaka 1957, katika shule za Nairobi, utaratibu mpya wa kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, uliojaa vitendo na mazungumzo. Ulienea upesi kuliko walimu walivyoweza kuandaliwa, na ukadhoofika. Tanzania, Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zifundishwe kwa Kiswahili. Shauri hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wa Uingereza, Criper na Dodd, walikuta Kiingereza cha wanafunzi ni haba mno kwa kazi waliyopewa, na bado wakashauri kiendelee kutumika. Ugonjwa ulitajwa, na dawa ikawa ni kuuongezea mgonjwa mzigo.

Kipindi cha Kiingereza na kiwe na michezo mingi na usemi mwingi, bila fimbo na bila haya. Huko ndiko kujifunza lugha. Lakini mtoto wa Isansa asomapo habari za moyo na mapafu katika baiolojia hachezi kubashiri. Anatafuta maarifa, na haki yake ni kuyapata kwa lugha anayoifahamu. Mchezo waweza kumfunza mtoto kuuliza kwa Kiingereza. Hauwezi kuwa kisingizio cha kumnyima jibu kwa Kiswahili. Atakaye Kiingereza kizuri na akifundishe vizuri kama somo, kisha ayaache masomo mengine yafahamike.